Kupima lugha ya wahudumu kwa wakazi wa soba hausi

Alhamisi, saa tano asubuhi, mkazi amesimama mlangoni mwa ofisi. "Kaka, naomba simu nimpigie mama." Mhudumu ana majibu yasiyopungua matano:

"Simu Jumamosi."

"Simu ni Jumamosi, na leo ndiyo kwanza Alhamisi. Kuna jambo nyumbani?"

"Ukimpigia utaanza kulia hapa. Tulia, sisi ndio tutajua lini unaweza."

"Teja na wewe una mama? Si ndiye uliyemwibia tivii ukaenda kuuza?"

La tano ni kimya. Macho ya mhudumu yako kwenye simu yake, mpaka mkazi anachoka na kuondoka.

Mara zote tano mkazi amenyimwa simu, na mara zote tano kanuni ya nyumba imefuatwa. Ukikagua daftari la kanuni hutaona tofauti yoyote. Mwongozo huu ni wa kuipima tofauti hiyo. Umeandikwa kwa wanaoendesha au kukagua nyumba za upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya na pombe, yaani soba hausi kwa watu wa Tanzania na rihabu kwa Wakenya. Hauhitaji programu ya kompyuta. Unahitaji watu wawili, karatasi, na wiki tatu hivi.

Pima kinachosikika

Kosa la kwanza la karibu kila dodoso ni kuuliza kama wahudumu "wana upendo" au "wanajali". Upendo hauonekani ukiwa umekaa kwenye benchi la ukumbini. Kinachoonekana ni kwamba mtu ameitwa kwa jina, amepewa sababu ya kukataliwa, ameulizwa swali na jibu lake likasubiriwa. Andika vitendo vya namna hiyo tu.

Kuna vipimo vilivyokwisha kutengenezwa, na ni vizuri kuvijua kabla ya kubuni chako. Rudolf Moos wa Chuo Kikuu cha Stanford alitunga dodoso liitwalo COPES kwa ajili ya programu za makazi: kauli 100 za kweli au si kweli, zimegawanywa katika vipengele 10, na kimojawapo ni msaada. Hujazwa na wahudumu na wakazi pia, na mara nyingi wahudumu huipa nyumba alama za juu kuliko wakazi. Pengo hilo lenyewe ni habari. Lakini COPES hupima mtu anavyoiona nyumba, haikuambii saa ngapi na mlango gani mambo huharibika. Kwa kazi hiyo kuna QUIS, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1993 kwa nyumba za wazee wenye maradhi ya akili. Mtazamaji hukaa, hutazama, na kila maongezi huyapa alama moja kati ya tano. Muundo huo unahamia vizuri kwenye soba hausi, ukirekebishwa kidogo. Alama tunazopendekeza ni sita:

J, kujenga: mhudumu anasikiliza, anauliza hali halisi, anataja jambo mahususi ambalo mkazi amefanya vizuri, au anampa nafasi ya kuchagua.
H, huduma yenye heshima: dawa, chakula au maelekezo yanatolewa pamoja na jina la mtu au maelezo ya kinachofanyika.
K, kawaida: "Zamu ya vyombo ni yako." Si tamu wala si chungu.
M, kufanywa mtoto: kuamuliwa, kukatazwa au kufanyiwa jambo bila sababu, "kwa faida yako".
B, kubeza: tusi, kejeli, kitisho, kumkumbusha mtu aibu yake ya zamani mbele za watu.
X, hodi kavu: mkazi ameanza kusema na hakupata neno wala ishara ndani ya sekunde 10.

Ile ya mwisho tumeiongeza kwa makusudi. Katika QUIS kimya hupotea kirahisi, kwa sababu hakuna kilichotokea cha kuandikwa. Kwa Waswahili hodi isiyoitikiwa ni tukio zito, tena mtu aliyeishi miaka kadhaa kwenye maskani ya watumiaji wa dawa amezoea kupitwa kama gogo la barabarani. Ihesabu.

Rudi sasa mlangoni mwa ofisi uyape alama yale majibu matano, kwa mpangilio: K, J, M, B, X. Mtazamaji mpya asiyekubaliana na mpangilio huo hajawa tayari kwenda ukumbini.

Kanuni za kuamua

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo. Watazamaji wawili hawatofautiani kwenye matusi ya wazi, hutofautiana kwenye mambo ya kila siku. Yaandikeni maamuzi haya kwenye karatasi moja na kuyashika.

Salamu. Mlolongo wa "mambo, poa, umeamkaje, salama" ni tukio moja, nalo ni K. Ukiuhesabu kila mara kuwa J, nyumba yoyote ya pwani itaonekana pepo. Unapanda kuwa J pale tu kinapoingia kitu cha mtu huyo hasa: "Lile jino limelala?" Kwa upande wa pili, mhudumu wa miaka 24 anayemwita mkazi wa miaka 50 "dogo" amebeza, hata akitabasamu. Shikamoo kwa mkazi aliyemzidi umri ni H.

Pole. Neno hili litawatesa. "Pole" ya kupita, mtu akiendelea na safari yake, ni K. "Pole, umelala saa ngapi?" ni J. Kipimo ni kama kuna kitu kilifuata baada ya pole.

Utani. Mtazame aliyetaniwa, usimtazame aliyetania. Akicheka na kurudisha, andika K au J. Wakicheka wengine na yeye akainamisha kichwa, ni B, hata kama mhudumu ataapa kwamba wao ni watani.

Kukosoa. Nyumba nyingi zina kikao cha asubuhi ambapo makosa ya jana husomwa. Msaada si ulaini, na kukosoa peke yake si B. Sikiliza kama mhudumu anataja kitendo au anampa mtu jina. "Jana hukuosha sufuria, na hii ni mara ya tatu wiki hii" ni K. "Wewe mvivu, ndiyo maana ulikula unga" ni B. Mtindo wa kumvunja mtu mbele ya kundi una historia yake: jumuiya ya Synanon iliyoanzishwa California mwaka 1958 iliufanya kuwa tiba, na kutoka huko ukaenea kwenye nyumba za tiba sehemu nyingi za dunia. Watafiti Miller, Benefield na Tonigan walichapisha mwaka 1993 matokeo yanayoukataa: kwa watu wenye tatizo la pombe, kadiri mshauri alivyowakabili kwa ukali, ndivyo walivyokunywa zaidi walipofuatiliwa mwaka mmoja baadaye. Wahudumu wengi wa soba hausi walipitia mtindo huo wakiwa wakazi na wanaamini ndio uliowaokoa, basi msianze kubishana nao siku ya kwanza. Andikeni tu.

Teja. Teja (mtumiaji wa dawa za kulevya) na mteja vimetengana kwa herufi moja, lakini uzito wake si mmoja. Mkazi akijiita teja, si tukio la kupima. Mhudumu akimwita hivyo, ni B. Mhudumu aliyewahi kutumia naye akisema "sisi mateja tuliopona", mtazame msikilizaji, kama kwenye utani.

Tukio linaanza mmoja anapomwelekea mwenzake na linakwisha mmoja anapoondoka, au dakika moja ikipita bila neno. Likianza vizuri na kuishia vibaya, andika sauti iliyotawala, isipokuwa tusi. Tusi likitokea hata mara moja, tukio zima ni B, kwa sababu ndilo mkazi atakalokwenda nalo kitandani.

Mtazamaji na karatasi yake

Watazamaji wawe wawili, na hata mmoja wao asiwe mkubwa wa wahudumu wala mtu wa wafadhili. Aliyehitimu katika nyumba hiyohiyo ana deni au kinyongo, mtafute wa nyumba nyingine. Nyumba ya wanawake itazamwe na mwanamke.

Karatasi ni A4 iliyokunjwa mara mbili, yenye safu tano: saa, mahali, nani ameanza, herufi, na maneno matano au sita yaliyosikika. Nani ameanza huandikwa kwa mshale, → kwa mhudumu na ← kwa mkazi. Majina hayaandikwi, ya mkazi wala ya mhudumu. Tumia saa ya mkononi. Ukishika simu, wahudumu watadhani unarekodi, na wakazi walionyang'anywa zao mlangoni watakuangalia kwa jicho jingine kabisa.

Kabla ya yote, ongeeni na nyumba nzima kwa pamoja: nini kinaandikwa, nani atakiona, na kwamba yeyote anaweza kusema "mimi usiniandike", na kalamu ikashuka. Kisha wekeni mpaka mmoja usio na mjadala. Mtazamaji akiona mtu anapigwa, amefungwa, au ananyimwa dawa aliyoandikiwa na daktari, kipimo kinasimama na taarifa inakwenda kunakohusika siku hiyohiyo. Usikae kuandika B huku mtu anaumizwa.

Madirisha

Huwezi kutazama siku nzima, utachoka na kuanza kuandika unachotarajia. Tazama kwa madirisha ya dakika 10, ukipumzika walau dakika 5 kati yake. Kwa siku chukua madirisha 6, na uyapange kwenye nyakati hizi: kuamka na usafi, kikao cha asubuhi, ugawaji wa dawa, chakula cha mchana, saa ya bure ya alasiri, na baada ya chakula cha usiku. Siku ya wageni na siku ya kumpokea mkazi mpya zipewe madirisha yao ya ziada. Zamu ya usiku ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa mkaguzi naye hupenda kulala. Jaribu saa nne usiku, saa ambayo mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, anaanza kuzungukazunguka.

Siku mbili za kwanza andika kisha utupe. Wahudumu watakuwa wanazungumza kama watangazaji wa redio. Siku ya tatu uchovu wa kazi huwarudisha walivyo.

Baada ya hapo, siku 7 zenye madirisha 6 ni madirisha 42, sawa na saa 7 za kutazama. Kila dirisha likitoa matukio 4, utakuwa na matukio 168. Tuseme asilimia 20 kati yake ni mabaya: kosa la makadirio ni takriban pointi 6 juu au chini, pengine zaidi, maana matukio ya dirisha moja hufanana. Kwa hiyo kushuka kutoka 20 hadi 17 mwezi ujao si habari. Kushuka hadi 8 ni habari.

Je, ninyi wawili mnaona kitu kimoja?

Kabla ya siku hizo za kutazama, tengeni siku mbili za mafunzo kwa kuigiza mifano, na kuanzia siku ya tatu mkae wote wawili kwenye madirisha yaleyale bila kuchunguliana, mpaka mpate matukio 100. Kisha ziungeni herufi katika makundi matatu: mema (J na H), kawaida (K), mabaya (M, B na X).

Chukua mfano huu. Wote wawili wameandika mema mara 28, kawaida mara 42, mabaya mara 10. Mmekubaliana mara 80, yaani 0.80. Inavutia, lakini sehemu ya makubaliano hayo ni bahati tu. Tuseme mtazamaji wa kwanza kwa jumla ana mema 35, kawaida 50, mabaya 15, na wa pili ana 33, 53 na 14. Bahati ni 0.35 × 0.33, kujumlisha 0.50 × 0.53, kujumlisha 0.15 × 0.14, jumla 0.40. Kipimo cha kappa, kinachoondoa bahati hiyo, alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960 ni (0.80 − 0.40) ÷ (1 − 0.40), yaani 0.67. Hapo mnaweza kuanza kazi. Chini ya 0.60 msianze. Chukueni matukio 20 mliyotofautiana, myasome kwa sauti moja baada ya jingine, mrekebishe karatasi ya kanuni, mrudie siku nyingine.

Sababu kubwa ya kappa kuwa chini ni K kuwa kapu la takataka: mtu akisita, anaandika K. Dawa yake ni kumtaka kila aliyeandika K aseme kwa nini si H. Sababu nyingine ni mtazamaji kuchukulia sauti kubwa kuwa ukali. Kuna watu wanaongea kwa kelele hata wanaposhukuru.

Chumba cha ushauri ni habari nyingine

Usiingize mazungumzo ya faragha ya mshauri na mkazi kwenye madirisha. Hapo hutumika MITI, kipimo kilichotengenezwa kwa ushauri wa kuamsha hamasa ya kubadilika. Hurekodiwa sauti, huchukuliwa kipande cha dakika 20, na mambo manne hupewa alama 1 hadi 5, yakiwemo ushirikiano na kuelewa hisia za mteja. Halafu huhesabiwa maswali na kauli za kumrudishia mtu alichosema. Mshauri anayetoa kauli moja kwa kila swali moja ana kiwango cha kuridhisha, mbili kwa swali moja ni kizuri.

Kwenye Kiswahili kuna mtego. "Umechoka." na "Umechoka?" ni maneno yaleyale, na hutofautishwa na wimbo wa sauti tu. Ya kwanza ni kauli ya kurudisha, ya pili ni swali. Ukimpa mtu aandike mazungumzo kisha ukapima kutoka kwenye maandishi, hesabu yako nzima imeharibika. Pima kwa kusikiliza. Na kwa kuwa sauti ya mtu akieleza ugonjwa wake ni taarifa nyeti, iwe Tanzania chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 au Kenya chini ya ile ya 2019, pata ridhaa ya maandishi, na rekodi ifutwe ikishapewa alama.

Kuwauliza wakazi wenyewe

Kutazama hakutoshi, kwa sababu kuna maneno husemwa bafuni na ghalani. Andaa maswali 10 hadi 12, yote ya siku 7 zilizopita, yenye majibu matatu: mara nyingi, mara chache, hakuna. Kwa mfano: Umeitwa jina ambalo hukulipenda? Ulipokataliwa jambo, uliambiwa sababu? Umeomba msaada usiku ukapata? Kuna mhudumu aliyekuuliza unaendeleaje na akasubiri jibu? Changanya maswali ya mema na ya mabaya, la sivyo watu watajibu "mara nyingi" kuanzia juu hadi chini ili wamalize wakacheze bao.

Aliye kwenye arosto usimhoji. Kwa heroini hali hiyo huanza saa 8 hadi 24 baada ya mara ya mwisho kutumia na huchukua siku 4 hadi 10, na majibu yake yatakuwa ya mwili unaouma. Subiri siku ya kumi na mbili hivi. Lakini kwenye madirisha matukio yake yaandike yote, kwani hakuna anayepokea M na X nyingi kama mgeni aliyelala anatetemeka.

Katika nyumba ya watu 15 mwandiko wa mtu ni sawa na saini yake. Kwa hiyo majibu yawe alama ya vema (✓) tu, kalamu zote za rangi moja, karatasi zikitumbukizwa kwenye mfuko mmoja na kuchanganywa mbele yao. Maswali yasomwe kwa sauti kwa wote, ili asiyejua kusoma asijitangaze. Mhudumu yeyote asiwepo chumbani, hata yule "anayependwa na wote".

Kusoma matokeo

Usitoe namba moja ya nyumba nzima. Toa tatu: asilimia ya mema, asilimia ya mabaya, na hodi kavu kama sehemu ya matukio yenye mshale ← peke yake, kwani mhudumu aliyeanza maongezi hawezi kumpa mtu hodi kavu. Kisha zivunje kwa saa na mahali. Kwa kawaida utaona mabaya hayakusambaa, yamerundikana: kwenye ugawaji wa dawa, mlangoni mwa ofisi, baada ya saa tatu usiku. Nenda pale ukahesabu watu. Mhudumu mmoja anayegawa dawa kwa wakazi 20 huku simu ya ofisi inaita atatoa X nyingi hata akiwa mpole kama maji ya mtungini. Mpeni msaidizi kwa nusu saa kabla ya kumpeleka semina.

Tazama mishale pia. Nyumba ambayo karibu kila → ni amri na karibu kila ← ni ombi la ruhusa ina tatizo hata kama B ni sifuri.

Rudisheni matokeo ndani ya siku 7, kwa wahudumu kwanza na wakazi baadaye, mkisoma mifano ya maneno bila dokezo la nani aliyasema. Meneja ataomba majina. Msimpe, na mkataba useme hivyo tangu mwanzo, kwa sababu mtu mmoja akifukuzwa kutokana na karatasi hizi, mara ya pili mtapima maigizo.

Pimeni tena baada ya wiki 6 hadi 8, saa zilezile na sehemu zilezile. Siku moja kabla, watazamaji wakae pamoja kwa matukio 30, kwa sababu masikio huhama: kilichokuwa B mwezi wa kwanza huanza kusikika kama K mtu akishaizoea nyumba. Mkikuta mmehama, rudini kwenye ile karatasi ya kanuni. Msizirekebishe alama za zamani.